Fundo la Isale

Bibi yangu aliacha kumwitikia baba yangu shikamoo tangu siku alipoingia katika nyumba ya wazee. Wengine wote aliwaitikia: masista, mtunza bustani, vijana wa kwaya, hata mimi niliyekuwa nikifika nimechelewa, viatu vimejaa tope. "Marahaba, mjukuu wangu," angesema, akilivuta neno polepole kama mtu anayefunua sufuria kuona kama ndizi zimeiva. Lakini baba akiinamisha kichwa na kusema, "Shikamoo mama," bibi aligeuza kiti chake akautazama mlima. Baba akaongea na mgongo wake. Alimpa habari za ng'ombe, za mvua, za nani amefiwa na nani ameoa. Alimwachia maparachichi na chupa ya maziwa, kisha akarudi Bomang'ombe kwenye duka lake la dawa za mifugo. Mwezi uliofuata alikuja tena, na mgongo ulikuwa uleule.

Mara ya kwanza nilidhani hakusikia. Mara ya pili nilishtuka hadi nikaangusha kikombe. Nimekulia mahali ambapo majirani hutukanana jioni mpaka kuku wakakimbilia migombani, na asubuhi shikamoo ikaitikiwa kama kawaida, kwa sababu ugomvi ni ugomvi na salamu ni salamu. Mama kumnyima mwanawe marahaba, hilo sikuwahi kuliona wala kulisikia. Nilimuuliza bibi kisa ni nini. Akasema, "Kamuulize mwenyewe." Nikamuuliza baba. Akasema ni uzee, mwanangu, huku akitafuta funguo za gari ambazo alikuwa amezishika mkononi.

Nyumba yenyewe ni ndogo, iko juu kidogo ya mji, pale ambapo joto la Moshi linaanza kukuacha na migomba inaanza kukushika bega. Ina ukumbi mmoja, kanisa dogo lenye kengele iliyopasuka, jiko linalonuka moshi na maziwa, na baraza refu ambapo wazee hupangwa kila asubuhi baada ya uji na sala, wakiwa wamefunikwa magoti kwa khanga na mablanketi. Ua wake wote umezungukwa na masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani kibichi yanayong'aa hata siku isiyo na jua. Nilipita kando ya ua ule kila Alhamisi na kila Jumapili nikitokea Shirimatunda, ambako nimepanga chumba na ninaandika riwaya, na kwangu ulikuwa ua tu.

Lazima niseme kwamba mimi ni Mchagga wa mjini. Mama yangu anatoka Mbeya, nyumbani tuliongea Kiswahili, shule nililala bweni mbali na mlima. Kichagga ninakisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani kupitia ukutani: wimbo naupata, maneno yananipita.

Wageni walikuwa wengi kuliko unavyodhani. Walikuja vikundi vya akina mama na sabuni na sukari, wakapiga picha mpaka wazee wakajifunza kutabasamu kabla ya kuambiwa. Alikuja mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, akashusha mablanketi kimya, akasalimia kila mtu kwa kumshika mikono yote miwili, akaondoka bila kunywa chai. Walikuja wanakwaya. Na karibu kila mgeni wa usharika alipofika kwa bibi alimpa hongera. "Hongera mama kwa uamuzi wako," walisema. Bibi aliitika asante, kisha wakishaondoka akanong'ona, "Hawa watu wana ajabu. Mimi niliamua nikiwa msichana mdogo, nikabatizwa, leo ndiyo wananiona?" Nilicheka sana. Nilidhani anatania.

Kwa maana mimi niliujua uamuzi uliokuwa ukisifiwa. Ukoo mzima uliujua. Bibi alipovunjika nyonga na kulazwa, baba aliita kikao akatuambia kwamba mama yake amesema mwenyewe kwa kinywa chake: nipelekeni kwa masista, sitaki kumsumbua mtu. Watu walishika vichwa. Huku kwetu mzazi haachi kihamba, yaani shamba la ukoo ambamo nyumba ipo, migomba ipo, na makaburi yapo. Mzazi hufia pale. Shangazi yangu mkubwa, anayeishi ndani ya kihamba hichohicho, nyumba ya pili kutoka ya bibi, alisimama akasema kama mama amewachagua masista, basi masista wamtunze. Tangu siku hiyo hakuwahi kukanyaga kule. Bibi alimuulizia kila Jumapili. Nilimjibu kwamba shangazi anaumwa miguu.

Mimi nilikuwa upande wa bibi, tena kwa sauti kubwa. Mwanamke wa kilimani aliyekata shauri mwenyewe! Nilimsimulia kwa waandishi wenzangu, nikaanza kumwandikia riwaya, nikasoma kurasa zake mbele ya watu Arusha: mwanamke mzee anafunga mlango wake, anaupa mgongo mlima, anashuka peke yake na fimbo, na umande unamlowesha upindo wa gauni. Watu walipiga makofi. Niliporudi Moshi nilijiona kama niliyemvika bibi yangu taji.

Sasa ile Jumapili. Ilikuja kwaya ya vijana kutoka mjini, na mwalimu wao alikuwa kijana mchangamfu wa kutoka Singida, mgeni kabisa wa huku. Walikuwa wamesahau maua. Masista walikuwa jikoni wanapika mtori, kwa hiyo yule mwalimu akatoka na kisu, akakata majani marefu ya uani, na ili yapendeze akalikunja kila moja na kulifunga fundo katikati, kama tai ya bwana harusi. Wanakwaya wake wengi walikuwa Wachagga wa mjini kama mimi. Hakuna aliyesema neno. Waliimba nyimbo zao, wakatoa majani, wakaanza kugawa, mtu mmoja jani moja. Mimi nikachukua la bibi, nikampelekea kwa magoti ya heshima, nikitabasamu.

Ukumbi ulinyamaza kama mashine ya kusaga iliyokatikiwa umeme.

Mwanzoni nilifikiri kuna aliyezimia. Nilitazama huku na huku. Mama mmoja asiyeona vizuri alikuwa amelisogeza jani puani, akalinusa. Mwingine alikuwa analia bila sauti. Mzee mmoja mkorofi, anayegombana na uji wake kila asubuhi, alikuwa ameficha mikono yote miwili chini ya mapaja na kufumba macho, na msichana wa kwaya aliyesimama mbele yake na jani hakujua afanye nini. "Mpelekee mwingine," mzee alisema akiwa bado amefumba. "Mimi sijamaliza kukasirika."

Bibi alilipokea jani langu kwa mikono miwili. Alilitazama fundo kwa muda mrefu, akalipapasa kwa kidole gumba. Nilipoinua uso nilikuta machozi yamemjaa, na uso wake umelegea namna ambayo sikuwahi kuiona, kama kamba iliyokatwa.

"Mwambie nimeipokea," alisema.

"Nani, bibi?"

"Aliyekutuma. Mwambie baba yako nimeipokea."

Pembeni yake huketi mzee aliyekuwa mpagazi wa mlimani ujana wake wote, mtu wa masihara, ambaye husema amepanda Kibo mara nyingi kuliko mawingu. Yeye ndiye aliyeniokoa, au aliyenimaliza, sijui. Alinivuta mkono akaniuliza kama kweli sijui nilichokileta. Nikasema ni jani. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mzungu, kwamba hapa kwetu mtu aliyekukosea kosa zito, akashindwa kukuangalia usoni, hutuma mtu wa kuaminika na jani la isale lililofungwa fundo. Ukishalishika, umesamehe. Na isale haikataliwi, hata kama kosa ni la damu. Akaliinua lake. "Hili langu nadhani ni la kaka yangu," alisema. "Tatizo ni kwamba nilimzika. Na mbuzi yuko wapi? Isale haiji mikono mitupu."

Alikuwa anatania, lakini jani alilishika kwa nguvu.

Nilitazama ukumbi upya, na kila niliyemwona alikuwa ameshika msamaha wa mtu ambaye hakuuomba. Wanakwaya walisimama wamekodoa macho. Yule mwalimu wa Singida aliendelea kutabasamu kwa sababu hakuna aliyemwambia aache.

Nikarudi kwa bibi, nikapiga magoti, nikamuuliza alichokisamehe. Ndipo aliponiambia, kwa Kiswahili, polepole, ili nisipitwe na neno.

Alisema siku aliyoruhusiwa hospitali alivaa gauni lake la kanisani, kwa sababu anarudi nyumbani. Alimwacha ng'ombe ana mimba. Aliacha mkungu wa ndizi umevundikwa. Baba alimweka kiti cha mbele, wakaanza kupanda mlima. Kwenye kituo cha maziwa, pale njia ya kihamba chetu inapokata kulia, gari halikukata.

"Nikamwambia, mwanangu, umepitiliza," bibi alisema. "Hakunijibu. Nikadhani anakwenda kugeuza mbele. Nikasema tena. Akaongeza sauti ya redio."

Baada ya hapo bibi alitazama tu jinsi migomba ya watu wengine ilivyokuwa inapita dirishani. Getini baba alishuka, akaongea na sista kwa Kiingereza juu ya kichwa chake, akateremsha begi ambalo bibi hakulifunga. Ndipo akasema, utakaa hapa kidogo, mama. Hata kaburi la babu bibi hakuliaga.

"Hapa napapenda," alisema. "Nalala vizuri, nasali, huyu mzee wa mlima ananichekesha. Ningeambiwa, ningekuja. Ila sikuambiwa. Nilibebwa kama debe la maziwa."

Siwezi kueleza vizuri nilichohisi. Nilimfikiria yule mwanamke wa riwaya yangu, na fimbo yake, na umande wake. Hakuwahi kuwapo. Niliyemshangilia mbele za watu alikuwa mama mmoja aliyevaa gauni la kanisani, akitazama njia ya kwake ikipita. Na ukoo mzima, na usharika mzima, na mimi, tulikuwa tumempa hongera kwa jambo alilofanyiwa.

Nilitoka nje, nikasimama kando ya ua uliokatwakatwa, nikampigia baba dukani. Nilimwambia bibi amepokea isale yake. Nilisikia mteja akiulizia dawa ya kupe, akaulizia tena, na baba hakumjibu.

"Mimi sikutuma isale," baba alisema hatimaye.

"Najua. Nimeipeleka mimi. Sikujua ni kitu gani."

"Kasema nini?"

"Kasema ameipokea. Baba, ni kweli gari lilipitiliza?"

Nilimsikia akivuta kiti, akaketi. Baba yangu ni mzee wa kanisa, mtu wa kuongea mbele za watu bila karatasi. Sauti iliyokuja ilikuwa ya mtu mwingine. Alisema alikuwa amepanga kumwambia wakiwa njiani. Alisema kila alipofungua kinywa aliliona lile gauni.

Nikamuuliza, basi kwa nini alituambia bibi ndiye aliyeomba. Simu ikakatika. Sijui kama aliikata au mtandao ulimsaidia.

Asubuhi iliyofuata sista mkuu, ambaye aliposimuliwa alicheka kwanza na kushtuka baadaye, aliwakusanya wazee baada ya sala akawaeleza kwamba lilikuwa kosa la vijana, majani yale hayakutumwa na mtu, wasamehewe. Mimi nilikuwa nimelala pale kwa sababu niliogopa kumwacha bibi. Wazee walimsikiliza kwa adabu. Kisha mzee mpagazi akanyoosha mkono akasema kwamba sista ni mtu wa Mungu na wanamheshimu, lakini isale ikishapokelewa hairudi uani, hata ingeletwa na mbuzi mwenyewe. Wengi walikuwa wameshaomba simu tangu jana, wakawapigia watu ambao hawakuwa wakisema nao. Mama asiyeona vizuri alikuwa ameongea na mkwewe wa Kahe mpaka salio la ofisi likakata. Sista aliketi chini. Alikuwa amehubiri msamaha pale miaka mingi, aliniambia baadaye, na sasa majani ya mtu wa Singida yamemshinda.

Siku zilizofuata nilikuwa na woga mmoja tu: kwamba baba atakuja na kusema ukweli, kwamba si yeye, na bibi atageuza tena kiti. Au hatakuja kabisa, na bibi atakaa na msamaha mkononi kama chakula cha mgeni aliyeghairi.

Alikuja Jumamosi. Alivaa koti la kanisani. Nilimwona akitembea barazani akiwa amekishika kitu mbele ya kifua kwa mikono yote miwili, kama anayebeba kifaranga, na alipokaribia nikaona ni jani la isale, refu, limekatwa kihambani na si uani kwa masista, lina fundo. Fundo lenyewe lilikuwa baya, lilikuwa linalegea.

"Shikamoo mama."

Baraza lote lilisikiliza. Mzee mpagazi alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Marahaba," alisema bibi. Akakigeuza kiti akamtazama.

Baba akalinyoosha lile jani, na bibi akalitazama, na hapo likatokea jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria.

"Nilishaipata," bibi alisema. "Ile ya gari imekwisha. Hii ni ya nini tena?"

Baba alinigeukia. Isale moja ni kosa moja, hata mimi nilikuwa nimeshajifunza. Angeweza kueleza kwamba ile ya kwanza haikuwa yake, na hii ndiyo yenyewe, mambo yakaishia hapo. Nilimwona akilifikiria. Nilimwona pia akiacha kulifikiria.

"Ni ya kuwaambia watu kwamba ulitaka mwenyewe," alisema.

Bibi hakuelewa mara moja. "Watu gani?"

"Ukoo. Usharika. Wote."

Sikuwahi kumwona bibi yangu akishtuka. Nimemwona akivumilia, nimemwona akinuna. Siku hiyo mdomo wake ulifunguka ukabaki wazi, na nikaona hongera zote zikimrudia moja moja, zile za akina mama wa sabuni, za wachungaji, za wanakwaya. Alinitazama mimi kama nilijua. Kisha akaliuliza ambalo mimi nililiogopa kuliko yote.

"Na dada yako? Aliambiwa hivyo?"

Baba aliinamisha kichwa.

"Kwa hiyo haumwi miguu," bibi alisema.

Upepo ulipita kwenye masale. Jani lilikuwa bado limenyooshwa katikati yao na mkono wa baba ulikuwa umeanza kuchoka. Bibi aliuangalia ule mkono. Hakulipokea. Alisema haikataliwi, yeye hajakataa, lakini hakuna aliyesema ipokelewe upesi. Akamwambia aketi kwanza. Wakanywa chai. Alimuuliza ng'ombe alizaa nini, akaambiwa ndama jike. Alimuuliza nani alikula zile ndizi, akaambiwa ziliharibika. Muda wote huo baba alikunywa kwa mkono mmoja, jani likiwa katika mwingine, na mzee mpagazi akamwambia bora abadilishe mkono, mizigo ndivyo inavyobebwa.

Baba alipoinuka kuaga, bibi alisema, "Nenda nayo kwanza kwa dada yako. Yeye ndiye uliyemnyang'anya mama. Akishaipokea, mje nayo wote wawili, nami nitaishika."

Nilipanda gari naye kushuka mjini. Jani alikuwa ameliweka juu ya dashibodi, na jua la jioni lilikuwa linapita ndani yake. Redio ilikuwa imezimwa. Nilimjua baba yangu: shangazi ana ulimi mkali, na barabara ya Bomang'ombe ilikuwa imenyooka mbele yetu, nyepesi, yote ya kushuka. Kituo cha maziwa kilianza kuonekana, na yale madebe matupu yaliyopinduliwa ukutani. Gari halikupunguza mwendo. Nilishika mkanda wangu. Nilifungua kinywa kumwambia, baba, umepitiliza, kabla hata hajapitiliza.

Akawasha indiketa ya kushoto.